Darasa la jioni la Ngamiani: mafunzo ya mawasiliano kwa watumishi wa afya

Mafunzo ya jioni ya mawasiliano na weledi kwa watumishi wa afya, yanayotolewa katika ukumbi wa kupanga huko Ngamiani, jijini Tanga, yanastahili ada yake kwa sababu moja kubwa: yanamlazimisha mtumishi kuyatamka maneno yenyewe kwa sauti, mbele ya watu wanaomsahihisha, kabla hajayatamka mbele ya mgonjwa. Nimeyahudhuria nikiwa muuguzi ambaye tayari nina miaka wodini, nikakaa benchi moja na wahitimu wa stashahada wanaosubiri ajira, matabibu wa zahanati za Mkinga na Pangani, wateknolojia wa maabara na vijana wanaouza dawa madukani. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama atoe jioni zake na fedha zake kwa mafunzo haya.

Darasa linaendeshwa na wakufunzi wawili, mmoja muuguzi mkunga mstaafu na mwingine tabibu ambaye bado yuko kazini, jioni mbili kwa wiki kwa muda wa wiki sita. Ada ni shilingi 80,000 na ndani yake mna kijitabu chembamba cha mazoezi. Vyuoni somo la mawasiliano lipo, lakini wengi wetu tulilisoma kama somo la kujibia mtihani: taja sifa za msikilizaji mzuri, eleza vikwazo vya mawasiliano, toa mifano. Mwanafunzi anapata alama zake, kisha anafika wodini na kumwambia mama mwenye uchungu, "Nyamaza, si wewe wa kwanza kuzaa." Kati ya alama zile na kauli hii kuna pengo, na darasa hili limekusudia kuliziba.

Wakufunzi walianza na jambo lililotokea katika mkoa wetu wenyewe, na nawasifu kwa uchaguzi huo. Utafiti uliojulikana kwa jina la Staha ulifanyika katika wilaya za Korogwe na Muheza, ukawauliza wanawake waliojifungulia katika vituo vya huduma kama walidharauliwa au kutendewa vibaya walipokuwa huko. Matokeo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2014. Wanawake walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa vibaya. Walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, kiwango kilipanda hadi asilimia 28. Mkufunzi aliziandika namba hizo mbili ubaoni, akatuuliza kwa nini ya pili imezidi ya kwanza, kisha akakaa kimya mpaka tukajibu wenyewe. Mmoja alisema kwamba getini mama bado amembeba mtoto mchanga na anajua atarudi kliniki kwa watu wale wale. Mwingine alisema kwamba mtu huanza kuyapima yaliyompata pale anapoanza kuyasimulia kwa dada yake au mama yake. Majadiliano hayo yalichukua sehemu kubwa ya jioni, na sikuona kama muda ulipotea, kwa sababu kila aliyekuwamo alianza kuwafikiria wagonjwa wake wanaotoka wakisema "ahsante" huku hawajaridhika. Jambo la kutia moyo, ambalo wakufunzi hawakulisahau, ni kwamba mojawapo ya wilaya hizo, Korogwe, iliwahi kujaribu tiba: uliandaliwa mkataba wa huduma kwa mteja kwa kuishirikisha jamii, na utendaji wa wodi ya uzazi ukaboreshwa hatua kwa hatua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa vitendo vile vilipungua kwa kiasi kikubwa.

Zoezi la kusikiliza ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Mnakaa wawili wawili. Mmoja anaeleza kilichomleta hospitali, na mwenziwe haruhusiwi kusema neno wala kuandika mpaka msemaji amalize mwenyewe. Msingi wake ni utafiti wa Beckman na Frankel wa mwaka 1984 nchini Marekani, ambao uligundua kuwa madaktari waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu waanze kueleza shida zao. Tabibu mmoja kijana aliwekwa na mwanadarasa aliyejifanya bibi mwenye maumivu ya magoti. Bibi akaeleza magoti, akaeleza ngazi za nyumba yake, akaeleza safari ya daladala, na kijana alionekana wazi akihangaika kutaka kuuliza. Mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini, bibi akasema, "Na mwanangu, siku hizi mkojo hauningoji nifike msalani." Hapo ndipo ilipokuwa shida iliyomtoa nyumbani. Mkufunzi hakuongeza neno juu ya hapo, na hakukuwa na haja.

Sehemu iliyonipa faida kubwa zaidi ni ile ya kutoa taarifa ya mgonjwa kwa mtumishi mwingine, hasa kwa simu na hasa usiku. Wakufunzi wanafundisha mpangilio wa hatua nne unaojulikana kwa herufi za Kiingereza SBAR, ulioanzia katika manowari za nyuklia za Jeshi la Majini la Marekani na kuingizwa hospitalini na watu wa Kaiser Permanente kule Colorado. Hatua zenyewe ni hali iliyopo, historia fupi, tathmini ya anayetoa taarifa, na ombi lake. Nilikuwa nimewahi kuusikia mpangilio huu katika semina, lakini sikuwahi kuusema huku mtu amenisimamia na saa mkononi.

Zoezi lilikuwa hivi. Uko peke yako zamu ya usiku katika zahanati ya pwani. Mama aliyejifungua saa moja iliyopita anatoka damu nyingi, na unampigia daktari wa hospitali ya wilaya. Mwanadarasa wa kwanza, muuguzi mwenye bidii na anayejua kazi yake, alianza kwa salamu, akaomba radhi kwa kumwamsha daktari, akaeleza mama alifika saa ngapi, nani alimleta, kliniki alihudhuria mara ngapi, na uchungu uliendaje. Mkufunzi aliyekuwa akiigiza daktari alisikiliza dakika nzima pasipo kujua kwamba kuna mtu anakufa. Kisha tukafundishwa kuipanga upya taarifa ile ile: "Shikamoo dokta. Naitwa fulani, muuguzi wa zamu zahanati fulani. Nina mama anayevuja damu baada ya kujifungua, nakadiria zaidi ya mililita 500 na bado inatoka. Ana miaka 26, uzazi wa tatu, kondo limetoka lote. Mapigo ya moyo 124, presha 85 kwa 50. Nimempa oksitosini uniti 10, nimeweka dripu na ninaendelea kusugua tumbo la uzazi. Naona mfuko wa uzazi haujajikaza. Naomba gari la wagonjwa lije sasa hivi, damu iandaliwe huko, na naomba uniambie nifanye nini wakati nasubiri." Kauli hiyo haifiki dakika moja. Shikamoo imo, maana hakuna aliyetutaka tuache adabu zetu. Kilichoondoka ni yale maelezo yaliyokuwa yakiificha hatari. Halafu daktari akitoa maelekezo, anayepokea anayarudia kwa sauti, dawa na kipimo chake, ili kosa la kusikia lijulikane simu ikiwa bado haijakatwa.

Hatua ya tatu na ya nne ndizo zilizowashinda wengi. Muuguzi wetu ameshazoea kutoa vipimo na kumwachia daktari aamue, kwa hiyo kusema "naona" na "naomba" kunamfanya ajihisi amevuka mpaka wake. Wakufunzi walilishughulikia hili kwa uzito unaostahili. Walitupa mfano wa daktari anayeandika ampisilini kwa mgonjwa ambaye faili lake linaonyesha ana mzio wa penisilini, nasi tuwe wauguzi wapya tunaotakiwa kuchoma sindano hiyo. Wengine walikaa kimya wakisema watamwambia matroni baadaye. Wengine walisema kwa kuzungukazunguka mno hata daktari asingeelewa kama amesahihishwa. Tulifundishwa ngazi tatu za kupandisha sauti bila kuvunja heshima: kwanza kueleza kwamba una wasiwasi, pili kusema kwamba huna amani na jambo hilo na kutaja sababu, tatu kusema wazi kwamba usalama wa mgonjwa uko hatarini na kazi isimame kwanza. "Samahani dokta, nina wasiwasi na sindano hii, faili linaonyesha ana mzio wa penisilini, naomba tulitazame pamoja kabla sijachoma." Yapo malezi mema tuliyopewa ya kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na mimi nayathamini, lakini mgonjwa mwenye mzio hawezi kusubiri mpaka mkubwa apatikane faraghani. Laiti somo hili lingetolewa kwa madaktari na wauguzi wakiwa chumba kimoja, lingezaa matunda maradufu, kwa sababu anayepokea tahadhari naye anahitaji kufundishwa namna ya kuipokea.

Jioni ya maelezo ya dawa iliendeshwa na mkunga mstaafu, na huyo mama ana kipaji. Alileta pakiti ya dawa ya mseto ya malaria, ile ya vidonge 24 kwa mtu mzima, akamtaka mmoja wa vijana wa duka la dawa amweleze kama mgonjwa. Kijana akasema kama tusemavyo wote: vidonge vinne, kutwa mara mbili, siku tatu, na dozi ya pili unywe baada ya saa nane. Mkunga akauliza, "Sasa ni saa nne asubuhi nimekunywa ya kwanza, ya pili nainywa saa ngapi?" Kijana akajibu saa kumi na mbili jioni. "Mbona umeniambia baada ya saa nane? Mimi saa nane mchana ikipita tu, nainywa." Darasa lilitulia. Mgonjwa aliyeelewa hivyo angekunywa dozi ya pili ikiwa ni saa nne tu tangu alipokunywa ya kwanza, na asingekuwa mzembe hata kidogo; angekuwa ametii alichoambiwa. Tangu hapo tulitakiwa kutaja muda kwa alama za siku ambazo mgonjwa anaziishi: ya pili leo hii ikikaribia magharibi, kesho na keshokutwa asubuhi na jioni, kila mara baada ya kula chakula chenye mafuta kidogo au kunywa maziwa, na usiache hata kama homa imeshuka kesho.

Kisha likaja jambo ambalo ningependa kila mtoa dawa wa mkoa huu alijue, nalo ni kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake. Kulifanya vibaya ni rahisi. Ukimuuliza mtu mzima "umeelewa?", atakuitikia kwa heshima. Ukimwambia "hebu rudia nilichosema", umemfanya mwanafunzi wa darasa la pili. Mkunga alitufundisha tuubebe mzigo sisi: "Bibi, nataka nijue kama nimekueleza vizuri. Ukifika nyumbani, binti yako akikuuliza hizi dawa unazinywaje, utamwambiaje?" Tulilizungusha zoezi hilo darasa zima, kila mtu na dawa yake, za presha, za sukari, za kuongeza damu kwa wajawazito, na kila mmoja aligundua angalau kauli moja ambayo amekuwa akiitoa kila siku na haieleweki.

Mada ya kutoa habari mbaya ilikuwa nzuri ila fupi mno. Walipitia utaratibu wa hatua sita uliochapishwa mwaka 2000 na Walter Baile na wenzake kwa ajili ya wagonjwa wa saratani: kuandaa mahali, kuuliza mgonjwa anajua nini, kuuliza anataka kujua kiasi gani, kueleza, kuzipokea hisia zake, na kupanga naye hatua zinazofuata. Swali lililowaka darasani lilihusu ndugu. Kwetu mgonjwa haji peke yake, huja na kaka, na shangazi, wakati mwingine na mzee wa mtaa, na hao ndio humvuta daktari pembeni na kusema, "Mwenyewe usimwambie." Mkufunzi alisisitiza kwamba uamuzi wa nani ajue ni wa mgonjwa, na kwamba njia ya salama ni kumuuliza yeye mapema, kabla majibu hayajatoka, angependa nani awepo. Alikumbusha pia kwamba Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa hata picha za vidonda na za mafaili tunazotumiana kwenye makundi ya WhatsApp tukidhani ni kuombana ushauri tu. Hapa palihitaji jioni mbili. Kulikuwa na watu waliokuwa na maswali mazito, nao waliondoka nayo.

Sehemu ya kutafuta ajira ndiyo iliyonisikitisha, na kwa mhitimu anayekuja hasa kwa ajili hiyo, ni vyema ajue. Wasifu wa mfano uliogawiwa ulikuwa wa zamani, umejaa mambo yasiyomsaidia mwajiri, kama shule ya msingi na mambo apendayo mtu, wakati mafunzo kwa vitendo katika hospitali, ambayo kwa kijana asiye na ajira ndiyo mali yake, yalikuwa yamepewa mstari mmoja. Barua ya maombi ilikuwa ya kunakili. Kuhusu usaili wa utumishi wa umma, tuliambiwa tu tujiamini na tuvae vizuri. Mhitimu anahitaji kufundishwa kujibu maswali ya kazi yake kwa mfano ulio hai: nieleze siku uliyohudumia mgonjwa aliyezidiwa, ulianza na nini, ulimwita nani, ikawaje. Cha ajabu ni kwamba darasa hili lilikuwa tayari limetufundisha stadi hiyo hiyo katika zoezi la simu ya usiku, maana anayeweza kupanga taarifa ya mama anayevuja damu ndani ya dakika moja anaweza pia kulijibu jopo la usaili. Kilichokosekana ni mkufunzi wa kuziunganisha mada hizo mbili.

Uandishi nao haukuguswa kabisa. Kukabidhiana zamu kwa mdomo tulifanya mara nyingi, lakini hatukuandika hata taarifa moja ya muuguzi kwenye faili wala barua moja ya rufaa, ilhali barua ya rufaa isiyosomeka, au isiyotaja dawa zilizokwisha kutolewa, humrudisha mgonjwa mwanzo anapofika Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Nimewaeleza wakufunzi jambo hili nao walilipokea vizuri.

Mambo ya utaratibu yanahitaji marekebisho kadhaa. Watu walikuwa wengi kuliko ukumbi unavyoweza kuchukua, na katika mafunzo ya namna hii idadi ni jambo la msingi, kwa kuwa anayekosa zamu ya kuigiza anakuwa ametazama tu. Feni moja haitoshi miezi ya joto. Cheti kinachotolewa ni cha mahudhurio. Hakibebi alama za maendeleo endelevu ya kitaaluma kwa ajili ya kuhuisha leseni, jambo ambalo tangazo halikulieleza, na baadhi ya wenzangu walilipa wakiamini kinyume chake. Anayezihitaji alama hizo aulize kabla ya kulipa, na athibitishe katika baraza la taaluma yake mwenyewe.

Ningemshauri nani aende? Kwanza muuguzi, mkunga au tabibu aliye kazini katika zahanati au kituo cha afya, anayepiga simu za rufaa usiku akiwa peke yake. Pili mtoa dawa, ambaye mara nyingi ndiye mtu wa mwisho kuzungumza na mgonjwa na ambaye kozi nyingi humsahau. Mhitimu anayesubiri ajira atafaidika, mradi ajue kwamba suala la wasifu na usaili atalitafutia msaada kwingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asubiri kidogo mpaka awe ameshinda wodini muda wa kutosha kuwa na maswali yake mwenyewe.

Atakayejiandikisha awahi siku za mwanzo, akae karibu na mbele, na aje na visa viwili vitatu kutoka kazini kwake, akiwa ameyaondoa majina ya wagonjwa, kwa sababu wakufunzi huchukua visa vya wanadarasa kabla ya vile vya kwenye kijitabu. Wanaotoka Muheza na Pangani waulize mapema kuhusu darasa la Jumamosi asubuhi, ambalo hufunguliwa wakipatikana watu wa kutosha. Masomo ya jioni humalizika giza likiwa limeshaingia, na kurudi usiku huo huo ni kazi.